Kusakinisha PyTorch kwenye Windows, Ubuntu na Mac bila kuunguza bando

"Kaka, imegoma tena."

Ujumbe huu, na picha ya skrini iliyojaa maandishi mekundu, nimeupokea WhatsApp mara nyingi tangu vijana wa huku Mbeya waanze kujaribu kutambua magonjwa ya mazao kwa picha. Kuna wanaopiga picha majani ya mahindi Uyole, wengine viazi mviringo Umalila, na yupo mmoja wa Njombe anayehangaika na parachichi. Mawazo yao ni mazuri kweli. Wanakwama mlangoni, kwenye kusakinisha PyTorch, ile programu ya kuifundisha mashine kutokana na mifano.

Nimekaa na baadhi yao, mashine kwa mashine, na kila mara chanzo ni kilekile: wanakimbilia amri ya kusakinisha kabla hawajajua kompyuta yao ina nini ndani. Kwa hiyo fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Usiruke hata ile inayoonekana ya kitoto.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kompyuta yenye mfumo wa biti 64, RAM isiyopungua GB 4. Ikiwa GB 8, utafanya kazi kwa raha zaidi.
- Nafasi ya GB 5 kwenye diski.
- Bando la GB 1. Ukifuata njia ninayoielekeza hapa, hutalimaliza.
- Betri iliyojaa. Umeme ukikatika katikati ya kupakua, modemu ya ofisini inazima hata kama laptopu yako inaendelea, kwa hiyo hotspoti ya simu iwe tayari.
- Flashi ya GB 8, hasa kama mko zaidi ya mmoja.
- Saa moja na nusu isiyo na haraka.

Huhitaji kadi ya grafiki ya NVIDIA. Nalisema mapema kwa sababu watu wengi wamekata tamaa kwa kuambiwa kwamba bila kadi hiyo hakuna kinachowezekana. Kujifunza, kujaribu, na hata kufundisha modeli ndogo ya picha mia chache, prosesa ya kawaida inatosha. Itachukua muda zaidi, lakini itafika.

## Hatua ya 1: Ijue mashine yako

Chukua karatasi uandike mambo matatu: mfumo endeshi, aina ya prosesa, na toleo la Python (lugha ya kompyuta tunayoandikia amri za PyTorch) kama lipo.

Windows. Bonyeza kitufe cha Windows, andika `cmd`, kisha Enter. Kwenye dirisha jeusi andika:

```
echo %PROCESSOR_ARCHITECTURE%
```

Jibu unalolitaka ni `AMD64`. Usishtuke kama laptopu yako ina stika ya Intel. AMD64 hapa ni jina la muundo wa biti 64, halimaanishi chipu imetengenezwa na AMD. Ukiona `x86`, Windows uliyowekewa ni ya biti 32 na PyTorch haitaingia hata ukeshe.

Ubuntu. Fungua terminali kwa Ctrl+Alt+T:

```
uname -m
python3 --version
```

Tarajia `x86_64`, na Python 3.10 kama una Ubuntu 22.04 au 3.12 kama una 24.04. Zote mbili zinafaa.

Mac. Fungua Terminal uandike `uname -m`. Jibu `arm64` ni chipu za Apple yenyewe, yaani M1 na zilizofuata. Jibu `x86_64` ni Mac ya Intel, na hiyo ina njia yake ya pekee hapo mbele.

Neno kwa wenye Windows 7, maana laptopu hizo bado ni nyingi mitaani. Python ya mwisho kukubali Windows 7 ni 3.8, na matoleo ya sasa ya PyTorch hayaipokei tena Python hiyo. Usipoteze bando kujaribu. Kama mashine ni ya biti 64, hifadhi kazi zako pembeni kisha weka Ubuntu. Kompyuta ileile itakuwa na maisha mapya.

Umefaulu kama: karatasi yako ina majibu matatu, na neno la biti 64 limethibitishwa.

## Hatua ya 2: Weka Python inayopatana na PyTorch

Watu wengi wanaingia python.org na kubofya kitufe kikubwa cha njano, kinachotoa toleo jipya kuliko yote. Kwa kazi nyingine ni sawa. Kwa PyTorch ni mtego, kwa sababu kila toleo la Python linahitaji faili lake la PyTorch, na Python mpya inaweza kutangulia mafaili hayo kwa miezi. Mimi nakaa 3.12. Limetulia na paketi zote (vifurushi vya msimbo vya kuongezea Python) tunazohitaji zinalikubali.

Kuna mtego wa pili ndani ya huo wa kwanza. Toleo la mwisho la 3.12 lenye kisakinishi cha Windows na Mac ni 3.12.10, la Aprili 2025. Matoleo ya 3.12 yaliyofuata yanatolewa kama msimbo chanzo tu, kwa ajili ya marekebisho ya usalama. Ukifungua ukurasa wake hukuti faili la kubofya, na hapo ndipo wengi wanaamua "basi nachukua lolote". Tafuta 3.12.10 yenyewe.

Windows. Pakua "Windows installer (64-bit)". Faili linaitwa `python-3.12.10-amd64.exe` na halifiki MB 30. Ukilifungua, kabla ya kubofya Install Now, angalia chini kabisa ya dirisha. Kuna kisanduku kimeandikwa Add python.exe to PATH, nacho huwa hakijawekwa tiki. Weka tiki. Bila hiyo Windows haitajua Python iko wapi ukiiita kwa jina.

Funga dirisha jeusi la zamani, fungua jipya, andika:

```
py -3.12 --version
py -3.12 -c "import struct; print(struct.calcsize('P')*8)"
```

Mstari wa kwanza ujibu `Python 3.12.10`, wa pili ujibu `64`. Ukijibiwa `32`, ulichukua kisakinishi kisicho chake; kiondoe urudie. Nimekutana na Windows ya biti 64 yenye Python ya biti 32 mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kwa macho huwezi kutofautisha.

Ubuntu. Usiongeze Python nyingine. Iliyopo inatosha, ila inakosa vipande viwili:

```
sudo apt update
sudo apt install python3-venv python3-pip
```

Ukiandika nenosiri hutaona hata nyota. Kibodi haijaharibika, andika tu ubonyeze Enter.

Mac. Pakua kisakinishi cha macOS cha 3.12.10. Ukimaliza, fungua folda ya Applications, ingia Python 3.12, bofya mara mbili `Install Certificates.command`. Ukiiruka hatua hiyo, PyTorch itaingia vizuri, lakini siku utakayotaka kupakua modeli iliyokwisha kufundishwa utapata kosa la `CERTIFICATE_VERIFY_FAILED` na hutakumbuka lilitoka wapi.

Umefaulu kama: Python inataja toleo lake bila kulalamika. Mac iulize kwa `python3.12 --version`.

## Hatua ya 3: Jenga chumba cha kazi

Mazingira pepe ni folda yenye Python yake na paketi zake, isiyogusana na miradi mingine. Nawaambia vijana waifikirie kama chumba cha kupanga: ukivuruga humo, nyumba haijaanguka. Unafuta folda, unaanza upya, na kompyuta yako haijadhurika.

Windows, kwenye `cmd`:

```
mkdir C:\mahindi
cd /d C:\mahindi
py -3.12 -m venv mazingira
mazingira\Scripts\activate
```

Ubuntu:

```
mkdir -p ~/mahindi
cd ~/mahindi
python3 -m venv mazingira
source mazingira/bin/activate
```

Mac ni kama Ubuntu, ila mstari wa tatu unaanza na `python3.12`.

Nimechagua `C:\mahindi` kwa makusudi. Ukiiweka kazi hii Desktop au Documents, kwenye Windows nyingi folda hizo zimeunganishwa na OneDrive. Mazingira pepe yenye PyTorch yana maelfu ya mafaili madogo, na OneDrive itaanza kuyapandisha yote mtandaoni kimyakimya. Bando litaisha huku ukidhani unafanya kazi nje ya mtandao. Isitoshe, njia ndefu za folda zikipita herufi 260 Windows hukataa kuandika faili, na usakinishaji unakatika katikati.

Tumia `cmd`, si PowerShell. PowerShell hukataa kuwasha mazingira kwa maneno `running scripts is disabled on this system`. Kama huna budi kuitumia, toa ruhusa mara moja kwa akaunti yako tu:

```
Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned
```

Umefaulu kama: mwanzoni mwa mstari wa kuandikia limetokea neno `(mazingira)`. Neno hilo ndilo taa yako. Likizimika, yaani ukifunga dirisha au kuwasha kompyuta upya, rudi kwenye folda na uandike ule mstari wa mwisho tena. Husakinishi upya, unawasha tu.

## Hatua ya 4: Pakua PyTorch iliyo saizi yako

Hapa ndipo bando linapokufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dada mmoja wa mwaka wa tatu alinifuata Soweto, hapahapa Mbeya, na laptopu yenye Ubuntu. Alikuwa amenunua GB 3 kwa hela ya nauli. Aliandika `pip install torch` (pip ndiyo inayopakua na kusakinisha paketi za Python) kama alivyoona kwenye video, akaacha mashine ifanye kazi. Tulipopandisha skrini juu kuangalia kilichotokea, mistari ilikuwa imepangana: `nvidia_cublas`, `nvidia_cudnn`, `nvidia_cufft`, kila mmoja mamia ya MB. Kisha mstari mwekundu: mtandao umekatika. Laptopu yake ina grafiki ya Intel tu. Maktaba zote zile ni za kuendesha kadi ya NVIDIA, ambayo hana na hakuwa nayo hata siku moja.

Hakukosea kuandika. Kwenye Linux, amri hiyo fupi huleta PyTorch pamoja na maktaba za NVIDIA, na jumla inapita GB 2. Toleo la prosesa ni kama MB 200. Tofauti ni anwani unayomwelekeza pip akachukue.

Anza kwa kumsasisha pip mwenyewe:

```
python -m pip install --upgrade pip
```

Hii si adabu tu. Pip za zamani, mtandao ukikatika kwenye asilimia 90, zinaanza faili kutoka sifuri. Kuanzia toleo 25.1 pip inaweza kuendelea ilipoishia, na kuanzia 25.2 inajaribu yenyewe mara 5 bila kuambiwa. Kwa mtandao wetu unaokatika mvua ikinyesha, MB chache za kusasisha pip zinalipa haraka sana.

Kisha, Windows na Ubuntu (`torchvision` ni nyongeza ya PyTorch kwa kazi za picha):

```
python -m pip install torch torchvision --index-url https://download.pytorch.org/whl/cpu
```

Mac yenye chipu ya Apple:

```
python -m pip install torch torchvision
```

Mac ya Intel:

```
python -m pip install torch==2.2.2 torchvision==0.17.2 "numpy<2"
```

PyTorch iliacha kutengeneza mafaili ya Mac za Intel baada ya 2.2.2, kwa hiyo hapo ndipo mwisho wako. Sharti la NumPy (paketi ya hesabu) chini ya 2 lipo kwa sababu toleo hilo la PyTorch lilijengwa kabla NumPy 2 haijatoka, na zikikutana zinagombana. Kwa kujifunza, 2.2.2 bado ni chombo kizuri.

Ona naandika `python -m pip` badala ya `pip` peke yake. Kompyuta ikiwa na Python mbili, `pip` tupu inaweza kuwa ya ile nyingine. Unasakinisha chumba cha jirani halafu unashangaa kwako hakuna kitu.

Sasa usiondoke. Kaa usome jina la faili la kwanza kubwa linalotokea. Kwenye Windows litafanana na hili:

```
torch-2.x.x+cpu-cp312-cp312-win_amd64.whl
```

Jina hilo lina habari yote. `cpu` ni kwamba hakuna mzigo wa NVIDIA. `cp312` ni Python 3.12, kama una Ubuntu 22.04 utaona `cp310`. `win_amd64` ni Windows ya biti 64. Ubuntu itasema `manylinux` na `x86_64`. Wakati mwingine alama ya kujumlisha inaonekana kama `%2B`. Ni kitu kilekile.

Ukiona mstari unaoanza na `nvidia_` na huna kadi hiyo, bonyeza Ctrl+C papo hapo. Umesahau sehemu ya `--index-url`.

Mtandao ukiwa dhaifu sana, ongeza uvumilivu wa pip mwishoni mwa amri:

```
--timeout 120 --retries 10
```

Njia nyingine ni kufungua `https://download.pytorch.org/whl/cpu/torch/` kwa kivinjari, hata cha simu, na kuchagua faili linalolingana na vipande vya jina nilivyoeleza, kisha kuliweka kwenye folda ya kazi na kuandika jina lake badala ya `torch` kwenye ile amri. Kivinjari kinakuruhusu kusimamisha na kuendelea. Ila jina la faili usilibadilishe hata herufi moja. Ukipakua mara mbili, kivinjari kinaongeza namba kwenye mabano mwishoni, na pip italikataa, kwa sababu inasoma jina lile kama cheti. Lirudishe jina la awali kwanza.

Kwa wenye kadi ya NVIDIA kweli: hakikisha draiva ni mpya kwa kuandika `nvidia-smi`, kisha ingia pytorch.org, jaza jedwali la kuchagua, nakili amri inayotolewa. Huhitaji kusakinisha CUDA (programu ya NVIDIA ya kufanyia hesabu kwenye kadi) kamili pembeni; inayohitajika inakuja na PyTorch yenyewe. Kwenye Windows, kinyume na Linux, amri fupi isiyo na anwani hukupa toleo la prosesa, hivyo usipotaja anwani ya CUDA kadi yako italala tu.

Umefaulu kama: mstari wa mwisho unaanza na `Successfully installed` na ndani yake yamo majina `torch`, `torchvision` na `numpy`. Maandishi ya njano kuhusu toleo jipya la pip si kosa.

## Hatua ya 5: Pima kabla ya kushangilia

```
python -c "import torch; print(torch.__version__)"
```

Jibu liwe namba, na kwenye Windows au Ubuntu liishie na `+cpu`.

Hilo linathibitisha kwamba PyTorch ipo, halithibitishi kwamba inajifunza. Tuifundishe kitu kidogo. Tengeneza faili kwa `notepad jaribio.py` kwenye Windows au `nano jaribio.py` kwenye Ubuntu na Mac, uandike:

```
import torch

ekari = torch.tensor([[1.0], [2.0], [3.0], [4.0]])
magunia = ekari * 15

modeli = torch.nn.Linear(1, 1)
kirekebishi = torch.optim.SGD(modeli.parameters(), lr=0.02)

for i in range(2000):
    kosa = ((modeli(ekari) - magunia) ** 2).mean()
    kirekebishi.zero_grad()
    kosa.backward()
    kirekebishi.step()

print(modeli(torch.tensor([[5.0]])))
```

Mistari minne iliyo chini ya `for` ianze kwa nafasi nne. Python inasoma nafasi hizo kama sehemu ya amri.

Endesha:

```
python jaribio.py
```

Tumeionyesha mashine ekari moja hadi nne, kila ekari magunia 15. Ni namba ya mfano tu, usiipelekee bwana shamba. Hatukuiambia kanuni. Kisha tumeiuliza ekari tano. Ikijibu 75, au namba iliyo karibu kabisa na 75, imeikuta kanuni yenyewe. Herufi za `grad_fn` zinazofuata ni kumbukumbu ya hesabu, ziache.

Mimi bado nafurahi kila namba hiyo inapotokea kwenye skrini ya mtu aliyehangaika wiki mbili.

Ukiandika `torch.cuda.is_available()` ukajibiwa `False`, hakuna kilichoharibika. Inasema tu kwamba hutumii kadi ya NVIDIA, jambo ambalo tulilichagua. Wenye Mac ya M1 na kuendelea waulize `torch.backends.mps.is_available()`, wao watapata `True` na wanaweza kutumia grafiki ya chipu yao.

## Ikigoma

Soma mstari wa mwisho wa maandishi mekundu, si wa kwanza. Ya juu ni safari. Wa chini ndio unaotaja kisa.

`No matching distribution found for torch`. Hili ndilo linaloongoza. Halimaanishi PyTorch imeondolewa mtandaoni. Pip imetafuta faili linalolingana na Python yako ikalikosa: ama Python ni mpya mno, ama ni ya zamani mno, ama ni ya biti 32. Rudi hatua ya 2. Mara chache ni mtandao kutokuwepo kabisa. Bando limekwisha na hujaona ujumbe.

`externally-managed-environment`. Ni la Ubuntu mpya, kuanzia 23.04. Mfumo unalinda Python yake mwenyewe, maana programu nyingi za Ubuntu zinaitegemea. Umesahau kuwasha mazingira pepe. Mtandaoni utashauriwa kuongeza `--break-system-packages`. Usifanye hivyo, jina lenyewe limeshakwambia kitakachotokea. Vilevile usiandike `sudo pip`.

`WinError 126` pamoja na jina kama `c10.dll`. PyTorch imeingia, ila Windows inakosa maktaba za Visual C++. Pakua `vc_redist.x64.exe` kutoka tovuti ya Microsoft, sakinisha, washa kompyuta upya. Laptopu zilizofanyiwa Windows upya karibuni huwa na tatizo hili sana.

`Python was not found; run without arguments to install from the Microsoft Store`. Ile tiki ya PATH haikuwekwa. Endesha kisakinishi tena, chagua Modify, bofya Next, kisha weka tiki ya kuongeza Python kwenye mazingira ya mfumo. Usikubali kupelekwa Store.

`No module named 'torch'` siku ya pili, na jana ilifanya kazi. Taa imezimika, washa mazingira. Kama unatumia VS Code, bonyeza Ctrl+Shift+P, andika `Python: Select Interpreter`, uchague iliyo ndani ya folda ya `mazingira`.

`partially initialized module 'torch'`. Umeliita faili lako `torch.py`. Python inalichukua hilo ikidhani ndiyo PyTorch. Libadilishe jina, na ufute folda ya `__pycache__` iliyo pembeni yake.

`No space left on device`. Pip huweka nakala ya kila inachopakua, na jaribio la GB 2 lililoshindikana linaweza kuwa bado linakalia diski. Andika `python -m pip cache purge`, nafasi itarudi. Lakini kumbuka amri hiyo inafuta pia mafaili mazuri, kwa hiyo usiiandike ovyo kabla hujamaliza kusakinisha.

## Mkiwa kikundi: pakueni mara moja tu

Watu kumi kupakua faili lilelile, kila mmoja kwa bando lake, ni hasara isiyo na sababu. Mmoja wenu mwenye mtandao mzuri, akiwa ameshawasha mazingira, apakue bila kusakinisha:

```
python -m pip download torch torchvision --index-url https://download.pytorch.org/whl/cpu -d paketi
```

Folda ya `paketi` itakuwa na PyTorch na vyote inavyovitegemea. Inakiliwe kwenye flashi, na kila mwingine afanye hatua ya 1 hadi 3 kwake, kisha, bila intaneti kabisa:

```
python -m pip install --no-index --find-links E:\paketi torch torchvision
```

Badala ya `E:` weka herufi ya flashi yako. Kwenye Ubuntu njia itaanza na `/media/`, ikifuatiwa na jina lako la kuingilia na jina la flashi.

Sharti ni kwamba mashine zifanane kwa mambo matatu: mfumo endeshi, toleo la Python, na biti. Folda iliyopakuliwa kwa Windows haiwezi kuingia Ubuntu. Hata Ubuntu 22.04 na 24.04 hazigawani folda moja, kwa sababu ya kwanza ina Python 3.10 na ya pili 3.12. Kwa hiyo kama kikundi kina mchanganyiko, kila aina ya mashine itoe mwakilishi wake wa kupakua.

Kwenye flashi ya kundi letu zipo folda mbili, `windows-py312-cpu` na `ubuntu2404-py312-cpu`, na pembeni yake kisakinishi cha Python 3.12.10 na `vc_redist.x64.exe`. Jina la folda linataja kila kitu ili asiyekuwepo siku ya kupakua asibahatishe. Flashi ikitoka kwa mtu, ipitishwe kwanza kwenye skani ya virusi, hasa ikiwa imepita kwenye kompyuta za steshenari. Mara ya mwisho tulipoitumia, laptopu sita zilifika kwenye 75 ndani ya mchana mmoja, na simu iliyotoa hotspoti asubuhi ilikuwa bado na salio.